Nyumba Moja, Majina Manne

Stendi ya Muleba siku ya gulio haina adabu. Usipopiga kikumbo, utapigwa wewe. Hapo ndipo Magesa aliposhuka kwenye basi la Bukoba, shati jeupe limelowa jasho, amekumbatia kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi.

"Kaka, mgonjwa wako mbona hana miguu?" aliuliza dada mmoja mwenye gauni la kijani na kitenge mabegani.

"Ni kompyuta hii, dada. Naulizia ofisi ya shirika la yatima."

"Umeshafika. Mimi ndiye karani wake, Celina. Pole na safari, waitu," akamkaribisha kwa heshima ya Kihaya.

Magesa akasahau hata kudai chenji yake kwa konda. Usimcheke, ungemwona Celina akitabasamu, nawe ungesahau.

Ilikuwa mwaka 1999. Vita vya mpakani vilipita, ukimwi ukafuata, na nyumba nyingi zikabaki na watoto peke yao. Shirika liliwasaidia, lakini kumbukumbu zake zilikuwa vurugu tupu: mlezi mmoja kaandikwa mara tano, kila mara kijiji kingine. Magesa, kijana wa Mwanza, aliajiriwa kuzipanga upya.

"Kila jambo likae mahali pamoja tu," alimweleza Celina. "Watoto jedwali lao, nyumba jedwali lake, namba inayaunganisha. Mlezi akihama, unabadilisha kwenye nyumba, basi. Watoto wote wanamfuata."

"Na fundi mwenyewe, yuko jedwali gani?"

"La wanaotafuta mchumba."

"Toka hapa!" Celina akacheka mpaka akajifuta macho.

Magesa aliporudi makao makuu Bukoba, simu ya ofisi ikawa haipoi. "Nimekukumbuka, mpenzi," alisema mchana mmoja. "Natamani nikupate wewe peke yako."

Celina akageuza mazungumzo. Nyumbani alikuwa na wadogo zake watatu, Buberwa, Kokusiima na Ndyamukama. Aliwalea mwenyewe tangu wazazi walipozikwa.

Wiki iliyofuata likaja agizo kutoka makao makuu: kompyuta inaonyesha watoto hao watatu kila mmoja anaishi nyumba yake bila mlezi, kwa hiyo wapelekwe vituoni, kila mmoja kituo chake. Celina akainyakua simu.

"Peke yangu, sivyo? Ndiyo maana ukawatawanya wadogo zangu!"

"Celina, mpenzi, wadogo zako wepi?"

"Mpenzi wako nani? Usinipigie tena!" Akakata.

Maskini Magesa! Alirudi kwenye mashine. Akakuta si hao tu. Nyumba za Wahaya kibao zimepasuka vipandevipande. Kwao Magesa, ndugu wote hubeba jina la baba, basi akawa ameiagiza kompyuta wenye jina moja wawe nyumba moja. Kumbe Uhayani kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na tumbo ni lile lile. Hakumwuliza mtu. Alidhani dunia nzima ni kwao!

Akaipa kila kaya namba yake, akawafunga watu kwenye namba badala ya jina, na mlezi akaandikwa waziwazi. Akaenda mwenyewe kumweleza mkubwa wa makao makuu, akatukanwa vizuri, agizo likafutwa. Kisha akapanda basi la Muleba.

Alimkuta Celina migombani, anamenya ndizi, macho mekundu.

"Wadogo zako hawaendi popote," alisema kabla hata ya kukaribishwa. "Kosa ni langu. Nilidhani ndugu lazima wawe na jina moja. Nisamehe."

"Kumbe hukukusudia?"

"Ningekusudiaje, na sikujua hata kama unao? Hukuniambia."

Celina akaweka kisu chini. "Niliogopa. Waliokuja kabla yako waliwaona hawa watatu, wakaaga. Nikajua nawe utaaga."

"Mimi nimekuja kukuposa."

"Utanipeleka Mwanza, niwaache na nani?"

"Sikupeleki popote. Nahamia Muleba mimi."

"Watakucheka, Magesa. Mwanamume kumfuata mke!"

"Wacheke mpaka wachoke. Nakupenda, na hawa nawataka."

Machozi yakamtoka Celina, hakuyaficha. "Baba mdogo yuko Kanazi," alisema polepole. "Uende na wazee, na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Usiende mikono mitupu."

Kisha akageukia nyumba, akapaza sauti:

"Buberwa! Kokusiima! Ndyamukama! Njooni mumsalimie shemeji yenu."