Jibini la Mfungo na Mshipi wa Fedha

Nyumbani kwa Evanthia, siku huanza kwa jibini. Hukata kipande cha feta, jibini jeupe la maziwa ya kondoo, hukiweka kwenye sahani pamoja na mkate na zeituni chache, kisha humwita mumewe. Lambros huingia akinukia kondoo, hunawa mikono, huketi. Kijijini kwetu huku milimani Epiro, ukiona meza haina jibini, unauliza nani mgonjwa.

Kwaresima ikiingia, mambo hubadilika. Nyama, mayai, maziwa na jibini hukaa kando mpaka Pasaka. Wengi huingoja kwa kuguna. Mwaka huu Evanthia aliingoja kwa hamu, na sababu yake ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda.

Ilikuwa mshipi. Mshipi wa kitambaa cheusi kilichotariziwa, wenye bizimu kubwa la fedha mbele. Mama mkwe wake, bibi Zoitsa, aliuvaa kila mwaka Jumanne ya Pasaka, siku ambayo wanawake wetu hucheza ngoma uani mwa kanisa. Mwenye mshipi ndiye anayetangulia mbele. Bibi Zoitsa alifariki msimu wa mavuno ya zabibu. Evanthia ndiye aliyemuuguza, akamlisha kwa kijiko na kumgeuza kitandani. Kabla ya kufa, bibi alimwita na kumkabidhi mshipi.

Hilo halikumfurahisha Kalliopi hata kidogo. Kalliopi ni dada yake Lambros, binti wa kuzaliwa wa bibi Zoitsa.

"Sikiliza, wifi," alimwambia Evanthia siku moja kisimani. "Mshipi wa mama yangu hauongezwi kitambaa. Haukatwi, haushonwi upya. Ukikutosha, uvae. Usipokutosha, nitauvaa mimi. Si mimi niliyesema, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani."

"Utanitosha," Evanthia akajibu.

"Haya. Yetu macho."

Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, Evanthia alifunga mlango wa chumba na kuujaribu. Alivuta. Ulikataa. Nafasi iliyobaki katikati ya bizimu ilikuwa ya kidole kimoja.

"Kidole kimoja tu!" alijifariji. "Na sasa Kwaresima nzima bila jibini! Nitabaki mifupa."

Siku iliyofuata alikwenda dukani kwa Thanasis kununua vyakula vya mfungo. Thanasis alimtolea paketi ya kitu cheupe.

"Hili ni jibini la mfungo," alisema. "Halina tone la maziwa. Linatengenezwa kwa nazi. Padri mwenyewe analila. Hata wifi yako amebeba paketi mbili."

"Kwa hiyo si jibini?"

"Si jibini."

Evanthia akabeba paketi tatu. Akilini mwake hesabu ilikuwa rahisi. Jibini hunenepesha. Hili si jibini. Basi hili halinenepeshi.

Alilikata vipande vinene, asubuhi, mchana na jioni. "Kula tu, mume wangu," alimwambia Lambros, "hili ni la mfungo." Baada ya chakula walikunywa chai na halua ya ufuta, kwa sababu nayo ni ya mfungo. Kulikuwa na mayai ya samaki yaliyopigwapigwa na mafuta, ya kuchovyea mkate. Kulikuwa na ngisi wa kukaanga. Kulikuwa na karanga na zabibu kavu za kutafuna mbele ya televisheni. Feta hakuigusa, hata kwa kulamba kidole. Na bado kila baada ya saa mbili alisikia njaa, akarudi kabatini.

Wiki ya tatu alilitoa sanduku tena. Alivaa mshipi huku akitabasamu. Akavuta. Akavuta tena. Tabasamu likamwisha. Sasa nafasi ilikuwa ya vidole viwili.

"Lambros!" aliita. "Lambros, njoo! Mshipi umenywea!"

Lambros alichungulia mlangoni. "Umenyweaje?"

"Unyevu. Hili sanduku lina unyevu."

"Mke wangu, fedha nayo inanywea?"

"Basi panya!"

"Panya anapunguza mshipi pande zote sawasawa? Huyo si panya, huyo ni fundi cherehani."

Evanthia hakucheka. Aliketi kitandani na mshipi mapajani. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Amefunga kama alivyofundishwa na mama yake. Hakuiba wala hakujipendelea. Mwili wake ulikuwa unamfanyia nini?

Kila aliyemuuliza alikuwa na lake. Thanasis alisema mkate ndio adui. Jirani wa ng'ambo alisema anywe maji ya limau kabla ya jua kuchomoza. Lambros alisema ni umri, na akajuta kulisema. Evanthia aliacha mkate. Njaa ilipombana, alikula halua badala yake, kipande juu ya kipande. Alikunywa maji ya limau mpaka tumbo likamwaka. Siku moja alikula zeituni peke yake, siku nyingine karanga peke yake. Mshipi haukumhurumia.

Kalliopi alipita kuwasalimia, amevaa gauni lake pana jeusi la msiba. Aliliona sanduku liko wazi.

"Vipi, wifi? Unafungika?"

"Bado."

"Bado? Na Kwaresima imefika katikati?" Kalliopi alishusha sauti. "Niambie ukweli, sitamwambia mtu. Unakula feta kwa siri?"

Maneno hayo yalimchoma Evanthia kuliko kitu chochote.

"Mimi? Nile feta katika mfungo, na mama yako bado hajatimiza mwaka kaburini?"

"Sijui mimi. Ninachokiona ni kiuno." Kalliopi alitazama pembeni. "Labda mama alikosea kuchagua."

Alipoondoka, Evanthia alilia. Wala hakulilia fedha ile. Alilia kwa sababu mshipi ulikuwa neno la mwisho la mtu aliyempenda, na sasa alionekana hastahili kuuvaa.

Kesho yake Sista Fotini, muuguzi wa zahanati, alikuja kumpima Lambros presha. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwao, na ulimi wake ni mwepesi kama mikono yake. Alipomaliza, alimtazama Evanthia machoni.

"Mama, ulilia?"

Evanthia akasimulia yote. Mwisho akasema, "Sista, mimi sielewi. Nimeacha jibini, nimenenepa. Sasa nile jibini ili nipungue?"

"Swali zuri sana," Sista Fotini alisema, akavua koti. "Leo unapika nini?"

"Dengu."

"Pika kama kawaida yako. Nitakaa nile. Ila kitu kimoja. Mafuta ya zeituni usiyamimine chunguni. Yamimine kwanza kwenye glasi, kiasi kilekile unachotia siku zote."

Evanthia alimimina kwa mkono wa mazoea. Glasi ilikaribia kujaa. Akaitazama kama anaiona mara ya kwanza.

"Yote haya? Mimi?"

"Wewe, na nusu ya kijiji. Mafuta ya zeituni ni mazuri kwa moyo. Lakini katika kila unachoweka mdomoni, hakuna kinachozidi mafuta kwa kalori. Kalori ni nguvu inayotoka kwenye chakula. Mwili ukipata zaidi ya unachotumia, unaweka akiba. Akiba yako unaijua inakaa wapi."

"Kiunoni," Lambros alisema kutoka kwenye kiti chake.

"Wewe nyamaza, presha yako nimeiona. Mama, lete hilo jibini la mfungo. Soma hapa nyuma, polepole. Limetengenezwa kwa nini?"

Evanthia alivaa miwani. "Maji... mafuta ya nazi... wanga... chumvi."

"Nazi yenyewe umeiona hapo?"

"Hapana. Mafuta yake tu." Alisoma tena kwa kidole. "Mafuta, na wanga?"

"Basi. Ukilipima kwa mizani na feta, kalori zake hazipishani sana. Ila feta ina protini, ile inayojenga mwili na kukushibisha. Hili halina, au lina chembe tu. Ndiyo maana unakula na njaa inarudi. Zamani ulikuwa unakula feta kiasi gani asubuhi?"

"Kipande kimoja tu. Feta ina chumvi, huwezi kula nyingi."

"Na hili?"

Evanthia akahesabu kwa vidole. "Vipande vitatu. Vinene. Kwa sababu si jibini."

"Na halua je? Kipande cha halua kina kalori karibu mara mbili ya kipande cha feta cha uzito uleule."

"Lakini ni ya mfungo!" Evanthia alisema kwa sauti, karibu kugombana. "Kanisa linaruhusu!"

"Linaruhusu, na mimi sibishani na kanisa. Mfungo ni wa roho, mama. Unaacha kitu kwa ajili ya Mungu, vizuri sana. Ila tumbo halijui kalenda. Halijui leo ni Kwaresima. Linapokea tu kinachoingia."

Evanthia aliketi. Hasira na aibu vilimjia pamoja, halafu vyote viwili vikapoa. Kumbe mwili haukuwa umemsaliti. Ulikuwa umehesabu kile ambacho yeye hakukihesabu.

"Sasa nile nini? Nife?"

"Ule mfungo wa bibi Zoitsa. Yeye alikula nini?"

Evanthia alifikiri. "Dengu. Maharage. Mboga za porini na limau. Pweza siku za sherehe. Halua... halua alinunua mara moja, akawagawia wajukuu."

"Basi umejijibu mwenyewe. Mafuta pima kwa kijiko, vijiko vitatu vinatosha chungu hiki. Mkate usiuache, kipande kimoja na chakula. Na jioni tembea mpaka kanisa la juu. Usijinyime mpaka ukaona kizunguzungu. Wewe si mgonjwa, umekosea hesabu tu."

Siku ile walikula dengu za vijiko vitatu. Lambros alionja, akatafuta cha kulalamikia, akakosa. Aliomba kuongezewa limau.

Haikuwa rahisi. Ilipofika sikukuu ya Bikira Maria, siku ambayo kila nyumba hukaanga samaki wa chumvi, Evanthia alimuoka wake na nyanya kwenye tanuri. "Sikukuu gani hii isiyo na mlio wa kikaango?" Lambros aliuliza. Lakini alikula mpaka akakwangua sinia. Paketi ya mwisho ya jibini la mfungo ilibaki kabatini. Jioni Evanthia alipanda kwenda kanisa la juu, mwanzo akipumua kwa shida, baadaye akipumua vizuri. Usiku alilala bila kwenda kabatini. Mshipi hakuujaribu, kwa sababu aliuogopa.

Pasaka ikafika. Mwana-kondoo alizungushwa juu ya makaa, na mezani feta ilirudi. Evanthia aliitazama kwa wasiwasi. Akamgeukia Sista Fotini, aliyekuwa mgeni wao.

"Nile, nisile? Nimechanganyikiwa tena."

"Jibini halikuwa adui yako hata siku moja. Kata kipande cha ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Ukile polepole. Na siku ukitaka zaidi, kuna lile jibini laini linalotokana na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa. Lina mafuta machache, na ukilitia nyanya na majani ya oregano, utanisifu."

Evanthia alikata. Aliitia feta mdomoni, akafumba macho. Chumvi, uchachu, maziwa ya kondoo wao wenyewe. Alihisi raha mpaka akacheka peke yake. Kipande kimoja, na alishiba.

Jumanne asubuhi alivaa gauni la ngoma. Alitoa mshipi, akajaribu kuufunga, bizimu likamponyoka. Wakati huo Kalliopi aliingia bila hodi. Alisimama akimtazama, kisha akapiga magoti mbele yake. Alishika pande mbili za bizimu, akavuta.

Ta! Likafunga.

Lilibana kidogo, lakini lilifunga. Evanthia alipumua, nalo likashika.

Kalliopi hakuinuka. "Mimi nilishaujaribu, wifi," alisema huku kainama. "Siku ya arobaini ya mama, ulipokuwa jikoni. Ulinikosa vidole vitatu. Nikasema, nami nitasubiri Kwaresima." Alilishika gauni lake pana kiunoni. "Sasa ni vinne. Nilikutukana kwa jambo lililokuwa likinisumbua mimi mwenyewe. Sijala hata tone la maziwa, naapa. Sielewi kabisa."

Evanthia alitaka kukasirika. Alikuwa na haki. Lakini neno "sielewi" alilijua uzito wake.

"Zile paketi za Thanasis," aliuliza, "ulikuwa unakata vipande vingapi?"

"Vitatu. Vinne. Si jibini lile."

Evanthia alicheka mpaka bizimu likamfinya. Akamwinua wifi yake. Saa ile ile walitoka kwenda kanisani, na kwenye ngoma Evanthia alitangulia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Kalliopi.

Kesho yake asubuhi Kalliopi alikuja na mkate wa moto. Evanthia alikata feta, vipande viwili sawa, kila kimoja kisanduku cha kiberiti.

"Hiki tu?" Kalliopi aliuliza.

"Hiki tu. Ukile polepole, halafu nikuoneshe jinsi ya kupima mafuta." Akamsogezea sahani. "Na mwakani, wifi, utatangulia wewe."