Hodi ya Chumba cha Tisa

Kilichomshtua kwanza ni harufu ya chokaa mbichi, maana hoteli ile ilipakwa chokaa mara ya mwisho bibi yake akiwa hajaolewa.

Alikuwa mtandika vitanda mpya, siku ya nne kazini. Msimamizi wake, mwanamke waliyemwita Mama Funguo, alikuwa amemsimulia habari za jengo lile kwa pumzi moja. Tajiri aliyelijenga aliteseka na kuta: zikisimama mchana, alfajiri ziko chini, hadi alipokubali kumwachia chumba kimoja mwenye kiwanja, ambaye hakuwa binadamu.

"Cha tisa ni chake," alinong'ona. "Fungua, fagia, toka. Usipige hodi humo, mwanangu. Ukipiga hodi umekuwa mgeni, na mgeni haondoki mpaka mwenyeji amruhusu."

Lakini mazoea yana taabu. Mtu aliyelelewa akaleleka hupiga hodi hata kwenye banda la kuku. Adhuhuri ile aliegemeza ufagio ukutani ili afungue mlango, mawazo yote kwa binti yake anayempitia kila siku akitoka shule, na ulimi ukamtangulia.

"Hodi?"

"Karibu," ikajibu sauti ya kike, kwa upole.

Miguu iliingia kabla hajaamua. Mlango ukajifunga. Akaufungua atoke, akajikuta anaingia: kitanda kilekile, dirisha lilelile. Akarudia, akarudia tena, na kila mara chokaa ilizidi kunuka, hadi ikamkwama kooni.

"Niache, nina mtoto," alilia.

"Mimi hukaribisha mmoja tu," sauti ikasema nyuma ya shingo yake. "Atakayepiga hodi, mkaribishe wewe. Akiingia yeye, utatoka wewe."

Ndipo akasikia viatu vya shule vikipanda ngazi, vikipita cha saba, cha nane, vikasimama palipokuwa na ufagio.

"Hodi, mama."

Alijishindilia foronya mdomoni, akaiuma.

"Hodi."

Alitamani kumwona, walau uso tu.

"Hodi."

Hodi ni tatu, usipoitikiwa, rudi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Viatu vikageuka, vikashuka polepole. Chini, mtoto alimwuliza Mama Funguo mama yake yuko wapi.

Kitanda kikalalamika, kama kuna mtu ameketi.

"Mtoto wako ana adabu," sauti ikasema. "Kesho atakupitia tena."