Waya wa Pampu ya Mtoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zuena alishuka mtoni na mama yake, yeye akiwa na debe kichwani, mama akiwa na funguo za pampu kiunoni. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao tangu kijiji chao cha ujamaa cha Kwedimazi kilipoanzishwa kando ya Mto Pangani, karibu na Korogwe. Pampu yenyewe haikukaa nchi kavu. Mto ule hupanda na kushuka utakavyo, kwa hiyo wanakijiji waliifunga ndani ya boti ya chuma iliyofungwa kwa kamba kwenye miti ya ukingoni. Maji yakipanda, boti inapanda nayo, yakishuka, inashuka. Umeme ulitoka kwenye nguzo ya shamba la mkonge la jirani, ukateremka kwa waya hadi botini. Mama yake Zuena, Bi Hamisa, ndiye aliyepelekwa kujifunza kuiendesha, na kijiji kizima kilimwita Mama Pampu. Yeye alilipokea jina hilo kwa kicheko, Zuena kwa fahari.

Lakini mwaka ule wa ukame, mwaka wa sabini na nne, funguo zilining'inia kiunoni bila kazi. Waya wa zamani ulikuwa umechakaa, ganda limepasuka, na Bi Hamisa alikataa katakata kuwasha pampu. Watu wakabeba maji kwa madebe mpaka shingo zikauma, na bado mahindi ya shamba la kijiji yaliendelea kujikunja majani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hiza, aliuliza swali moja tu kwenye mkutano: mahindi yakifa, tutakula nini? 

Basi Mjomba Mdoe, kaka yake Bi Hamisa, akatumwa Korogwe kuchagua waya mpya, na Zuena akafuatana naye kumsaidia kubeba. Ieleweke kwamba kwa Wazigua mjomba si mtu wa mchezo. Ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Akisema kaa, unakaa. Mjomba Mdoe alilijua hilo vizuri, pengine vizuri kupita kiasi.

Dukani walimkuta kijana mmoja aitwaye Ernesti. Aliwaamkia kwa adabu, kisha akauliza, "Waya mnaoutaka ni wa kazi gani, mzee?"

Kabla hajajibiwa aliweka mezani namna mbili. "Huu mweupe ni wa nyumbani. Unapita ukutani, mahali pakavu, na ndani una nyuzi mbili tu. Kama ni wa nje au wa majini, chukueni huu mweusi. Ganda lake ni mpira mnene, na ndani una nyuzi tatu. Mmeuona huu wa kijani? Huu ndio mlinzi. Umeme ukitoroka, huu unaupeleka ardhini usimpate mtu. Ila mweusi umebaki kipande kifupi. Mwingine utakuja na lori kutoka Tanga wiki ijayo."

Mjomba Mdoe aliutazama ule mweusi, akautazama ule mweupe uliojaa rafuni. Wiki ijayo! Kijiji kizima kilikuwa kinamngoja, na yeye hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu.

"Ni wa nyumbani," alisema. "Tunajenga ofisi ya kijiji."

Zuena aliinua uso kwa mshangao. "Mjomba, si ni wa bo..."

"Kimya! Watu wazima wanazungumza."

Njiani mjomba alisimama, akamwinamia. "Mpwa wangu, mambo ya dukani yanaishia dukani. Umeme ni umeme tu, upite huku au upite kule. Au wataka mahindi yafe tukingoja lori?"

"Hapana, mjomba."

"Basi yameisha."

Hayakuisha. Walipofika mtoni waligundua kwamba waya mweupe ulikuwa vipande viwili, na kila kimoja peke yake hakikufika botini. Ilibidi viungwe. Utepe wa kufungia haukuwepo, lakini nani atafute utepe katika nchi ya mkonge? Huko watu hufunga kila kitu kwa katani: milango, vitanda, mipini ya majembe, hata mkono wa miwani ya Mzee Hiza. Mjomba Mdoe alizungushia kiungo kile katani safi, tena ile iliyosokotwa na Zuena mwenyewe, akaipaka lami juu yake, akapiga makofi ya kuridhika.

Bi Hamisa aliushika waya, akaupima kwa vidole. "Kaka, huu mbona mwembamba? Ndio waliokuambia dukani?"

"Ndio wenyewe, dada."

Mama akamgeukia binti yake. "Zuena, nawe ulikuwepo. Ndio huu?"

Zuena alihisi macho ya mjomba utosini. Alitazama chini. "Ndio, mama," akajibu.

"Kama wewe ulikuwepo, sina wasiwasi," mama akasema, akawasha pampu.

Maji yakaruka kwenye mfereji. Watu wakapiga vigelegele, Mjomba Mdoe akabebwa juu juu. Siku chache baadaye mahindi yakaanza kukunjua majani. Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa Zuena.  Darasani aliulizwa jedwali la saba akajibu la nane. Aliogopa kumvunjia mjomba heshima, aliogopa mahindi yasije yakafa, na zaidi ya yote aliogopa uso wa mama siku atakapojua kwamba alidanganywa na mwanawe.

Jioni moja walipokuwa wakila, Bi Hamisa alijisugua nyayo. "Siku hizi nikiwa botini miguu inafanya ganzi," alisema. "Inatambaa kama siafu. Labda ni baridi ya maji."

Zuena aliliweka tonge chini. "Mama..." alianza.

Mjomba Mdoe, aliyekuja kula nao, alikohoa kidogo. "Mtoto ale kwanza," akasema. Zuena akala, na machozi yakamlenga. Moyoni aliapa kwamba kesho, kabla mama hajashuka mtoni, atasema yote.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kazi za pamoja, na alipoamka mama alikwisha kuondoka. Alipofika ukingoni alikuta kijiji kizima kiko pale. Wanaume walichimba mfereji, wanawake walipalilia, na watoto walioga kwenye kidimbwi kilichozungushiwa miti ya miiba kuzuia mamba. Mto ulikuwa umepanda kidogo kutokana na mvua za milimani. Boti iliyumbayumba, na kila ilipoyumba waya mweupe ulisuguliwa kwenye ukingo wake wa chuma. Zuena alikitafuta kile kiungo kwa macho. Kilikuwa kimezama. Katani ilikuwa imevimba kwa maji, lami imebanduka.

"Mama!" aliita, lakini ngurumo ya pampu ilimeza sauti yake.

Wakati huohuo Kaleb, mwanafunzi mwenzake, alipaza sauti. "Perege! Perege wanaelea wenyewe!"

Ilikuwa kweli. Samaki kadhaa walielea ubavuni mwa boti, matumbo juu, weupe. Watu walicheka kwa furaha. Katika mwaka wa njaa, kitoweo cha bure ni nani akikatae?

"Baraka za ujamaa hizo!" Mjomba Mdoe alisema akiegemea jembe. "Ingieni mwokote!"

Zuena hakucheka. Aliangalia kidimbwini: hakuna samaki aliyekufa. Aliangalia kule mto unakoelekea: hakuna. Walikuwa pale kwenye boti tu. Mamba walikuwa wamewekewa miiba, lakini hiki kilichowaua samaki hakikuwa na pua ya kuonekana juu ya maji.

"Kaleb, usiingie!" alipiga kelele.

Kaleb alikwisha kuingia. Maji yalimfika kiunoni. Alinyoosha mkono kumshika perege mkubwa, halafu akasimama. Mikono ilimkakamaa, mdomo ukabaki wazi bila sauti. Watoto wakaangua kicheko, maana Kaleb alikuwa bingwa wa mizaha, na kwao ule ulikuwa mzaha mwingine. Kutoka botini Bi Hamisa alimwona. Aliinama, mkono mmoja umeshika ukingo wa chuma, mkono mwingine unamnyooshea Kaleb.

"Mama, usimguse! Mama!"

Zuena hakungoja kujua kama amesikika. Aligeuka akapanda ukingo mbio, akaanguka, akainuka, goti likivuja damu, mpaka kwenye nguzo. Kisanduku cha swichi kilikuwa na mlango wa mbao, ambao mama hakuufunga kwa ufunguo pampu ikiwa kazini. Aliufungua, akashika mpini kama alivyomwona mama akifanya, akauvuta chini kwa nguvu zake zote.

Pampu ikanyamaza. Kaleb alilegea akazama, na mama yake Zuena alijirusha majini akamnyakua. Walimlaza mchangani. Kwa muda uliokuwa mrefu kupita kiasi hakufanya chochote. Kisha akakohoa, akatapika maji, akaanza kulia kwa sauti kubwa, na kilio kile kiliwafurahisha watu kuliko ngoma yoyote.

"Nani kazima pampu?" Mjomba Mdoe aliuliza akipanda ukingo. Sauti ilikuwa kali.

"Mimi," Zuena alisema.  "Ni mimi, mjomba. Waya huu si wa majini. Tuliambiwa dukani tuchukue mweusi wenye nyuzi tatu, tungoje lori. Huu ni wa ukutani. Umeme unaingia majini, ndio uliowaua samaki. Nilijua, nikanyamaza."

 Bi Hamisa alikwenda kimya akahakikisha swichi imezimwa, akaivua fyuzi akaitia kwenye fundo la kanga. Kisha akauvuta waya kutoka majini na kukikata kile kiungo kwa kisu. Katani ilitiririsha maji. Ndani yake shaba ilikuwa wazi, imeungua nyeusi, na mahali waya uliposuguliwa na boti ganda lilikuwa limekwisha kabisa.

"Mkonge hunywa maji, kaka," alisema taratibu. "Tunaukamua kila siku. Tumesahau?"

Halafu akamtazama bintiye. "Nilikuuliza, Zuena. Siku ile nilikuuliza wewe, na jibu lako ndilo lililonifanya niwashe pampu."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. Zuena aliangua kilio. Alitamani achapwe kuliko kutazamwa vile.

Ndipo Mjomba Mdoe akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akifanya. Alivua kofia mbele ya kijiji. "Msimlaumu mtoto peke yake," alisema. "Niliulizwa dukani, nikadanganya. Dada aliniuliza, nikadanganya tena. Na huyu nilimziba mdomo mimi. Leo ningalimzika dada yangu na mtoto wa watu."

Mzee Hiza alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Tumeponea chupuchupu. Pampu ikae kimya. Madebe yarudi vichwani."

Yakarudi. Wazee kwa watoto walipanga mstari kutoka mtoni hadi shambani, na Mjomba Mdoe alikuwa wa kwanza kubeba na wa mwisho kutua. Siku lori lilipofika alikwenda Korogwe, akamweleza Ernesti ukweli wote, akarudi na waya mweusi, mzito, wa kipande kimoja usio na kiungo. Yordani, fundi wa umeme wa shamba la mkonge, akaja kuufunga. Aliutundika kwenye miti juu ya maji, akauachia ulegevu wa kutosha boti ipande na kushuka bila kuukaza. Uzi wa kijani aliubana kwenye chuma cha boti na kuuunganisha na fimbo ya shaba iliyochimbiwa ardhini pale ukingoni. Kila hatua Bi Hamisa alisimama kando yake akiuliza, na Zuena kando ya mama. Alipomaliza, fundi alipima kwa chombo chake mara mbili, kisha akasema sasa pampu iwashwe.

"Ngojeni kwanza," Mjomba Mdoe alisema. Aliwaita watoto wote wakamzunguka, akamweka Zuena mbele.

"Nisikilizeni," alisema. "Kitu cha hatari usikichague kwa haraka, wala kwa aibu ya kurudi mikono mitupu. Uliza, na ukiulizwa sema kweli. Hilo la kwanza. La pili ni hili. Mimi ni mjomba, na neno langu ni zito kwa watoto wa dada yangu. Nililitumia kuficha kosa. Heshima si kunyamaza mkubwa anapowapeleka watu kwenye mauti. Mkubwa akikosea, mpe shikamoo yake, kisha mpe ukweli wake. Mmesikia?"

"Tumesikia!" watoto waliitika.

 Zuena alitazama chini, penye miguu ya mjomba.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Umekanyaga waya wa kijani."

Mjomba Mdoe aliruka pembeni. Kijiji kizima kilicheka, yeye mwenyewe akacheka mpaka akajishika mbavu, na Bi Hamisa akamvuta bintiye akamkumbatia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akapanda hadi kwenye nguzo, akairudisha fyuzi, akawasha swichi, na maji yakaenda shambani.