Kipimo cha Aliyelala

Mkono ulizidi. Mke wa mlinzi aliunyoosha uzi wa kupimia kutoka begani kwa mumewe, polepole, asimwamshe, na uzi ukaisha kabla ya kufika kwenye kiganja. Akaunga kipande kingine. Alitabasamu peke yake. Miaka yote ya ndoa hakujua kwamba ameolewa na mtu anayeweza kufagia dari bila ngazi.

Mumewe alilinda ghala la nyama. Kazi yake ilikuwa kuingia na kutoka kwenye baridi ile usiku kucha, na asubuhi alirudi na kikohozi kikavu, mara tatu, kimya, mara tatu tena, kama mtu anayebisha hodi. Daktari alisema kifua hicho kikishikwa na baridi tena, hakitanyanyuka. Hata kitandani alilala na koti lake la kazi, amejikunja, blanketi hadi utosini. Ndiyo maana mkewe aliamua kumfumia sweta zito, lenye kola ndefu ya kuvuta mpaka puani. Alitaka limshtukize, kwa hiyo alimpima akiwa usingizini. Siku moja alipima mabega, siku nyingine kifua, na kila kipimo alikitia fundo kwenye uzi uleule. Leo ilibaki mikono; alirudi kutoka kuanika nepi akamkuta tayari amelala.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Leo mumewe hakuvaa koti. Akafikiri labda joto limemzidi, lakini alipotia fundo la mwisho aliugusa ule mkono, na ulikuwa baridi. Akaufunika blanketi taratibu, kama anavyomfunika mtoto wao aliyelala kwenye kapu la nguo.

Ufunguo ukalia mlangoni.

"Nisamehe, mama mtoto," alisema mumewe akiingia, koti mwilini, akivua buti zake huku anakohoa. "Mwenzangu kachelewa kunipokea lindo. Mbona umesimama kama nguzo ya simu?"

Mke akageuka. Kitanda kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa limebonyea umbo la mtu mrefu, na chumba kizima kilinuka sufu, sufu iliyoloa na kuungua kwa wakati mmoja.

"Nilikuwa natandika," alisema.

Hakumwambia. Angecheka, kisha angemsimulia mama yake, na mama mkwe tayari alikuwa akisema kwamba binti huyu kimya chake si cha bure. Aliutupa uzi wa kupimia chooni. Kesho yake aliukuta kwenye kikapu chake cha kufumia, umeloa, umezungushwa vizuri.

Akaanza kufuma kwa kipimo cha shati la zamani la mumewe, akijiambia kwamba ni uchovu wa kunyonyesha. Lakini kila alipotoka kwenda kuanika nepi, alirudi akakuta sweta limeongezeka. Vitanzi vile havikuwa vyake. Vyake vilikaa wima na kulegea kidogo. Hivi vilikuwa vimesokotwa, vyote vimeinamia kushoto, vimekaza hata sindano haipenyi. Alivifumua. Vikarudi. Na mtoto wao, ambaye hata kutambaa bado, akawa ananyoosha mikono kuelekea kitandani pasipo na mtu, akitaka kubebwa.

Chumba kilikuwa kimoja, na pazia zito lilifunika dirisha ili mlinzi apate usingizi wa mchana. Humo humo alipika, alinyonyesha, alifuma, akatembea kwa ncha za vidole. Sasa akawa anakaa na mgongo ukutani ili kitanda kisimpotee machoni.

"Mama mtoto," sauti ya mumewe iliita mchana mmoja kutoka chini ya blanketi. "Mkono wa pili bado?"

"Bado kidogo," alijibu.

Halafu akasikia kikohozi. Mara tatu. Kilitoka uani, bafuni, ambako mumewe alikuwa anaoga.

Alimnyakua mtoto, akakimbilia nyumba ya pili kwa Mama Sindano, mwanamke aliyemfundisha kufuma. Mama Sindano alifuma sweta za shule akiwa ameketi kizingitini, na watu walimwita kila nyumba yao ilipopata mgeni asiyeonekana. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano zake.

"Umempima mtu bila kumwamsha?" aliuliza baada ya kusikia yote.

"Nilitaka kumshtukiza."

"Basi umeshtukizwa wewe." Mama Sindano aliweka kazi yake chini. "Jini halina kipimo, mwanangu. Wewe umelipimia mabega, umelipimia mikono, umelipa umbo. Na aliyepimwa nguo haondoki mpaka avae."

"Nikiacha kufuma?"

"Litalala kitandani kwako mpaka huyo mtoto aote ndevu."

"Na nikimaliza?"

"Litavaa, litakuwa mtu, na mume wako atatafuta pa kulala." Akasogea, akashusha sauti. "Sikiliza. Lifumie kwa kipimo chake. Ncha za mikono zizibe. Kwenye kola na kwenye pindo, vitanzi uviache wazi, uvipitishie uzi, kama mdomo wa mfuko. Litandaze kitandani, utoke. Likishavaa na kulala, vuta nyuzi zote mbili upige fundo. Usilitazame usoni. Kisha niite, nije nilitoe. Na nguo ya mumeo isining'inie hovyo humo ndani. Jini likishapata umbo, litavaa chochote chenye joto la mtu."

"Mume wangu halivui lile koti hata usingizini."

"Afadhali. Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Leo, bibie. Si kesho."

Jioni ile mumewe alipokuwa anafunga buti, mkewe alifungua mdomo amwambie. Kilichotoka ni, "Funga vifungo vyote." Mumewe akamfinya shavu, akaondoka akikohoa.

Sweta lilipokamilika, lilifika magotini mwa mtu yeyote wa kawaida. Alilitandaza kitandani asubuhi kabla mlinzi hajarudi, akambeba mtoto, akaenda nyuma ya nyumba kuanika nepi. Alianika moja moja. Akazianua, akazianika upya. Kutoka kule mlango hauonekani.

Aliporudi, lilikuwa limelala. Limejikunja ubavu likiwa ndani ya sweta, magoti yamevutwa mpaka kifuani na pindo kushushwa mpaka kwenye nyayo, kola imevutwa hadi juu ya utosi, na mabega yanapanda na kushuka polepole kama ya mtu aliyechoka sana, naye akamlaza mtoto kwenye kapu, akapiga magoti, akageuza uso ukutani kama alivyoambiwa, akapapasa mpaka akaupata uzi wa kola, akavuta, akaupata uzi wa pindo, akavuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akapiga fundo, akapiga jingine, akakaza kwa meno, huku akimshukuru Mungu kwamba leo hata ile harufu ya sufu iliyoungua haikuwapo, chumba kilinuka sabuni tu, na nyama baridi kwa mbali, na jasho alilolizoea.

Meno yake yalikuwa bado yameng'ata uzi alipoielewa harufu ile.

Ufunguo ukalia mlangoni.

"Mama mtoto," sauti ya mumewe ilisema. "Leo kifua kimepona. Sijakohoa hata mara moja."

Alisimama mlangoni na koti la kazi, vifungo vyote vimefungwa. Mikono ya koti iliishia kwenye viwiko. Mikono yenyewe ilining'inia mitupu mpaka chini ya magoti. Miguuni hakuwa na kitu. Buti za mlinzi zilikuwa uvunguni mwa kitanda, zimepangwa pamoja, bado zina matope mabichi ya njiani. Na ukutani, kwenye msumari ambao haukuwahi kuning'inizwa koti, alama ya maji ilikuwa inakauka, mahali ambapo mtu mgonjwa, aliyeruhusiwa kuondoka mapema kazini, alikuta zawadi kitandani, akavua koti lake ili aijaribu.

Ndani ya sweta mtu alikohoa. Mara tatu. Kama anabisha hodi.

Mke aliurukia uzi. Vidole vyake viliponasa fundo, vingine vilikuwa vimeshafika, kutoka kulekule mlangoni, vimepita juu ya kapu la mtoto, baridi, vikaufunika mkono wake taratibu, kama yeye alivyoufunika ule mkono siku ile.

"Usifungue, mama mtoto," sauti ya mumewe ilinong'ona. "Utamwamsha."