Waliuliza Rangi ya Gari, Hawakuuliza Mlango

Tairi lilikuwa tayari shingoni kwa mdogo wangu.

Nasema tairi, ndugu zangu! Na Alfredi, jirani aliyekula pilau ya Idi kwenye mkeka wangu, alikuwa ameshika kidumu cha petroli, anafungua kifuniko.

"Ashiru!" nikapiga ukelele.

Akanyanyua uso. Jicho moja limefumba, damu inamtoka puani. Wamemkalisha chini mbele ya ghala la kijiji, hapa hapa Makote, mchana kweupe.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kumzika mzee wa kanisa. Waislamu, Wakristo, kijiji kizima kilikuwa makaburini. Tunarudi... ghala liko wazi, salfa yote imekombwa!

Kama hutoki huku kwetu utaniuliza, salfa ndiyo kitu gani mpaka mtu achomwe moto?

Ngoja nikwambie. Mikorosho siku zile ilikuwa inatoa maua. Usipopuliza salfa, ubwiri unga, ule ukungu mweupe, unakula maua yote, na korosho huzioni. Na korosho kwetu ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo kila kitu. Mwizi wa salfa amekuibia mwaka mzima.

Kwa hiyo hasira zao nilizielewa. Ila aliyekaa pale chini nimetoka naye tumbo moja!

Shahidi alikuwa mmoja tu, Bibi Mwanakombo. Miguu yake haimruhusu kwenda makaburini, akabaki barazani kwake, akaona gari inapakia mifuko.

Walimuuliza, "Gari ya rangi gani, Bibi?"

Akasema, "Gari ndogo nyeupe."

Basi, kesi imekwisha! Ashiru ana gari ndogo nyeupe, anabebea abiria wa Newala mjini. Na mazikoni alichelewa. Watu wanataka nini tena?

"Mwenyekiti kawafuata polisi, tusubirini," mzee mmoja akasema.

"Polisi wa nini?" Alfredi akafoka. "Wamwachie, kesho tupishane naye njiani?"

"Choma! Choma!"

Mtu akanishika mkono kwa nyuma. Kugeuka, mume wangu Hamudi.

"Mama Naima, twende nyumbani. Haya si ya kuangalia."

"Niende nimwache Ashiru?"

"Utafanya nini sasa? Watakuunganisha na wewe. Twende!"

Nikauchomoa mkono wangu. Mimi nina mdomo, kijiji kizima kinajua, na siku ile nilisema huu mdomo usiponisaidia leo, basi haunifai tena maisha.

Nikapenya mpaka kwa Bibi Mwanakombo.

"Shikamoo, Bibi."

Mtu anataka kuchomwa, mimi naamkia! Lakini yule bibi usipomwamkia hakujibu, hata kama ni paa lake linaloungua.

"Marahaba, Ziada."

"Bibi, hiyo gari ilipokuwa inapakia, mlango wa nyuma ulifungukaje?"

"Ulipanda juu."

"Na kioo cha nyuma? Kilibaki, au kilipanda na mlango?"

Bibi akafumba macho, anakumbuka.

"Kilipanda. Mlango na kioo chake, vyote juu. Yule mtu akasimama chini yake, ukapata kumkinga na jua. Sura sikuiona."

"Mmesikia?" Nikawageukia. "Haya, njooni kwenye gari ya Ashiru, hiyo hapo! Njooni, wanaume!"

Wakanifuata. Nikafungua buti kwa nguvu.

"Hii ina mkia. Buti ni chumba chake peke yake, na viti ndiyo ukuta. Unanyanyua mfuniko tu, kioo kinabaki pale pale. Kipandisheni basi hicho kioo, tuone!"

Alfredi, akili zake, akajaribu kweli! Kavuta mfuniko, kasukuma kioo, kioo kimetulia. Mtu mmoja akacheka, na kile kicheko kilinirudishia pumzi.

"Dada, basi!" Ashiru akapaza sauti, tairi bado liko shingoni. "Usiulize tena! Basi!"

Nikajua kipigo kimemvuruga kichwa.

Najua mnashangaa mimi mambo ya magari nimeyajulia wapi. Kwa Hamudi. Kabla hatujanunua gari alinisomesha mpaka nikawa naota. Ya mkia, mzigo unalala chumbani kwake. Hachibeki ni fupi, imekatwa mara tu baada ya viti, mlango wa nyuma unapanda na kioo. Steshen wageni nayo mlango wake hivyo hivyo, ila paa linakwenda limenyooka mpaka mwisho, na ukilaza viti unapakia hata kitanda.

Sasa mnisikilize. Nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe!

"Kama si ya mkia, basi ni ile pale!" mtu akapiga kelele. "Ya mwalimu!"

Mwalimu Theodora alikuwa amekuja kuzika na kihachibeki chake cheupe, amekiegesha kando ya ghala. Mama wa watu kanga ikamdondoka.

"Mimi nilikuwa makaburini! Nimeimba na kwaya, mmeniona wote!"

"Gari ulimpa nani?"

"Funguo ninazo mwenyewe! Jamani, funguo hizi hapa!"

Hakuna aliyezitazama. Vijana wawili wakamvua Ashiru tairi... wakaanza kumfuata mwalimu nalo.

"Ndiyo! Ya mwalimu mlango unapanda na kioo!" sauti nyingine ikaunga mkono.

Nikaijua ile sauti. Hamudi.

Nikamwangalia. Sasa hivi tu alikuwa anataka twende nyumbani, haya si ya kuangalia. Mbona anawapa watu mwalimu?

"Ngojeni!" nikapiga kelele. "Bibi! Ilipogeuka ukaiona ubavuni, baada ya milango gari iliishia hapo, au iliendelea?"

"Dada, nakuomba!" Ashiru analia. Mwanaume mzima!

"Iliendelea," Bibi akasema. "Mlango wa mbele, mlango wa nyuma, halafu kioo kingine kirefu. Mifuko nikaiona humo, imepangwa hadi juu. Na paa limenyooka mpaka mwisho."

"Mbona hukusema tangu mwanzo, Bibi?" Alfredi akauliza.

"Mliniuliza rangi. Nani aliniuliza madirisha?"

Watu wakaguna. Mwalimu Theodora akaokota kanga yake. Mimi nikafurahi, nimeokoa wawili!

Halafu nikakumbuka...

Ndugu zangu, steshen wageni nyeupe, Makote nzima, ni moja. Iko nyuma ya nyumba yangu. Asubuhi ile Hamudi aliniambia betri imekufa, nitangulie mazikoni kwa miguu, yeye anabaki kuitengeneza.

Akanisogelea. Mdomo wake ukawa sikioni kwangu.

"Mama Naima. Fikiria mtoto."

Basi hivyo. Hakukana hata kwa uongo.

Nikamfikiria Naima kweli. Nikaifikiria na nyumba yetu, nikamfikiria huyu mtu ambaye juzi tu alinikanda mgongo nilipotoka shamba. Nampenda, sitawadanganya. Nilimpenda hata dakika ile ile. Lakini nikageuza macho, nikamwona Ashiru anatema jino mchangani.

"Gari naijua iliko," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Sisemi mpaka hilo tairi litupwe. Na petroli imwagwe chini, naona kwa macho yangu."

"Utatuchezea akili," Alfredi akasema.

"Basi salfa muisikie redioni."

Wakatazamana. Alfredi akakipindua kidumu, petroli ikazama mchangani mpaka tone la mwisho. Tairi likatupwa korongoni.

"Mnaapa hamtamgusa mtu?"

"Tunaapa! Sema!"

"Ni gari yetu. Ni mume wangu."

Walimrukia kama vile hawajaapa chochote! Nikajitupa mbele yake, nikapigwa fimbo ya bega ambayo mpaka leo ikija mvua naisikia. Nikawa napiga kelele, "Mmeapa! Mmeapa!" Na aliyesimama upande wangu wa kulia kuwazuia, amini usiamini, alikuwa Alfredi. Wa kushoto alikuwa Ashiru, anapepesuka, damu mdomoni.

Mwenyekiti na polisi wakatukuta hivyo hivyo.

Salfa waliikuta yote ndani ya gari, chini ya turubai. Alikuwa anasubiri watu walale ashuke nayo Masasi, kuna mtu anaingoja. Wakati anapandishwa karandinga la polisi akaniambia, "Umenichoma, Mama Naima."

Nikamjibu, "Wewe ulitaka kuwachoma wawili."

Mnadhani hapo ndiyo mwisho? Mbona bado.

Jioni Ashiru yuko kwangu, namkanda uso kwa maji ya chumvi. Nikamuuliza kwa utani tu, kumchangamsha.

"Na wewe ulichelewa wapi mazikoni? Mwanamke gani huyo?"

Akageuza uso.

"Ashiru?"

"Nilipita njia ya ghalani, dada. Nikamwona shemeji anapakia."

Kitambaa kikanidondoka.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Umevalishwa tairi... na ulijua?"

"Ningesema, wangemchoma yeye. Naima angekosa baba kwa mdomo wa mjomba wake. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, dada, wewe si unajua? Nikaona bora nife mimi, nyumba yako ibaki."

Nilimzaba kofi, upande ule ambao haujavimba. Halafu nikamkumbatia, nikalia mpaka Naima akaja kuuliza nani amekufa.

"Nyumba gani ingebaki?" nikamwambia. "Nilale kitanda kimoja na mtu aliyekutazama ukiungua, nimpikie, nimfulie, mpaka nizeeke bila kujua? Hiyo ndiyo zawadi uliyonipangia?"

Akaokota kile kitambaa, akanirudishia.

Wanangu, dada zangu, wa kuwaambia waulize kwanza kabla hawajashika kiberiti nimeshawaambia, na Alfredi mwenyewe sasa anahubiri hivyo kijiweni. Mimi nina langu. Huku kwetu tunawalea kaka na wadogo zetu wafunike aibu za ndoa zetu, wameze, waseme shemeji ni shemeji. Wengine wanameza mpaka kaburini.

Leo hii, ukimaliza kusoma, mpigie simu nduguyo. Mwambie akiona kitu kwa mume wako au mke wako, aseme, hata kama nyumba itaanguka.

Mimi wangu nimeshamwambia. Bado ana lile pengo, na ananijibu kwa aibu, lakini amenisikia.