Lori Lililopinduka Ukutani

Asubuhi hiyo mjukuu wangu alikunywa chai amesimama, mkono mmoja kikombe, mwingine kalamu. Mimi nilikuwa nakoroga unga wa ngano kwenye maji ya moto, nampikia gundi.

"Bibi, iwe nzito. Gazeti letu la ukutani lisibanduke."

"Gundi yangu haijawahi kuniaibisha. Haya, kitendawili!"

"Jamani Bibi, nimechelewa!" Akapuliza chai. "Tega basi."

"Hana mdomo, lakini akisema shule nzima inasimama."

"Kengele," alijibu, bila hata kutabasamu. Wenzake humwita Karani kwa jinsi anavyopenda kuandika, na wiki hiyo Karani alikuwa amekunja uso tangu Jumatatu.

Mwalimu wao wa lugha alikuwa amewagawa watatu watatu. Kila kundi lisimulie hadithi moja kwa njia tatu: gazeti la ukutani, picha za kuchora, na sauti iliyorekodiwa kwenye simu ya mwalimu. Sharti lilikuwa moja. Gazeti lianzishe, picha ziendeleze, sauti imalize. Ijumaa wazazi wangekuja kutazama.

Kundi la Karani lilimchagua mlinzi wa shule, Babu Kengele, aliyekuwa dereva wa lori zamani. Kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori, na kila alfajiri mzee huifuta kwa kitambaa kama mtu anayefuta gari la harusi. Kwa nini? Hilo ndilo lilikuwa swali lao. Msichana aitwaye Rangi angechora. Mvulana aitwaye Kasuku, mwenye maneno kuliko redio, angemrekodi mzee.

"Kasuku hajarekodi mpaka leo!" Karani alilalamika. "Kila siku kesho, kesho. Na leo ndiyo majaribio. Rangi naye tairi moja anachora siku mbili! Kazi yote naifanya mimi."

"Umewauliza wamekwama wapi?"

"Bibi, mimi kazi yangu ni gazeti."

Akatoka mbio na kopo la gundi, mkasi akausahau mezani. Nikajifunga kitenge nikamfuata nao.

Nilipofika, gazeti lilikuwa limeshabandikwa kwenye ukuta wa darasa, na watoto wamejazana mbele yake. Walisoma mpaka mstari wa mwisho, wakaondoka zao. Hakuna aliyegeuka kutazama picha. Rangi alikuwa amesimama kando ya michoro yake, mikono kifuani.

"Umeimaliza hadithi yote wewe!" alimfokea Karani. "Sasa picha zangu nani azitazame?"

"Ningefanyaje? Kasuku angetuangusha."

"Na huo mwisho umeutoa wapi?"

Nikasogea kusoma. Aliandika kwamba lori la Babu Kengele lilipinduka, utingo wake akafa, na rimu ndiyo kumbukumbu ya ajali. Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliona pengo, akalijaza.

Papo hapo Kasuku akaja anahema, simu ya mwalimu mkononi. "Nimempata mzee leo asubuhi! Sikilizeni!"

Sauti ya Babu Kengele ikatoka taratibu: "Miaka ishirini niliendesha, na lori langu halijawahi kupinduka..."

Watoto wakaangua kicheko. "Ukutani limepinduka, kwenye simu linatembea!"

"Na huyo utingo si ndiye anauza viazi pale nje? Marehemu kanirudishia chenji jana!"

Mzee mwenyewe alikuwa amesikia. Akaja polepole, akasimama mbele ya gazeti. Herufi ndogo hazioni tena.

"Nisomee, mjukuu wangu," alimwambia Karani.

Karani alisoma. Kila mstari sauti yake ilizidi kupungua, hata mwisho nikausikia kwa shida.

"Mimi niliacha kazi kwa sababu macho yalianza kufifia," mzee akasema. "Siku ya mwisho nilibeba madawati ya shule hii hii. Nikaegesha pale getini, nikampa tajiri mwenye lori ufunguo. Nikamwambia, siendeshi tena, nisije nikaua mtu. Lori lilipochakaa akanipa rimu moja. Ndiyo maana naifuta. Sasa wewe umenipindulia gari nililokataa kulipindua."

Akageuka kwenda getini. "Sauti yangu ifuteni."

Karani aliuvamia ukuta kwa kucha. Karatasi haikutoka. Akavuta, ikachanika vipande vidogo, uongo ukabaki umeshika palepale. Machozi yakamtoka kwa hasira. "Bibi, gundi yako hii!"

"Gundi imefanya ulichoiagiza," nilimwambia. "Kabla ya ukuta, kuna mtu anakwenda getini. Mfuate."

Alikwenda. Wenzake wakatazamana, kisha Kasuku akasema, "Na mimi ndiye niliyechelewa," wakamfuata wote wawili. Walichosema sikukisikia. Niliona tu Babu Kengele akiwasikiliza kwa muda mrefu, kitambaa begani, halafu akatikisa kichwa kukubali, na sauti yake haikufutwa.

Tulilowesha ukuta kwa matambara, tukakwangua mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Vidole viliwachubuka. Karani akaandika upya, safari hii wenzake wakiwa pembeni yake, na gazeti likaishia kwenye swali: Kwa nini mzee anafuta kengele kila alfajiri?

Ijumaa wazazi walisoma swali, wakakimbilia picha, wakaliona lori limeegeshwa getini na madawati juu, kisha wakajibana kuizunguka simu. Mzee aliposema "nisije nikaua mtu," wa nyuma wakasogea karibu zaidi. Muuza viazi, yule marehemu wa ukutani, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Tukirudi nyumbani Karani akaniuliza, "Bibi, kwa nini hukunigombeza?"

"Ukuta ulishakugombeza. Ila lishike hili. Mtega kitendawili akijijibu mwenyewe, amewanyima wenzake zamu yao. Na akilitunga jibu la maisha ya mtu, amemnyang'anya mwenyewe kilicho chake. Usipojua, uliza. Mwenzako akichelewa, msaidie."

Alitembea kidogo, kisha akanishika mkono. "Bibi, kitendawili!"

"Tega."

"Kukibandika dakika moja, kukibandua siku nzima."

Nikajifanya sijui, nikamwachia jibu alitoe mwenyewe, maana lilikuwa lake.