Hodi Kwenye Banda Lisilo na Mlango

Banda lile halikuwa na mlango. Lilikuwa na nguzo, paa la nyasi na viti virefu vya mbao, basi. Mtu aliingilia popote alipotaka. Kwa hiyo aliyesema "hodi" mchana ule wa ukungu, Abasi na Lukasi wakiwa wanakula, aliomba ruhusa asiyoihitaji.

Abasi alikuwa na tonge mkononi. Mtu aliyelelewa akaleleka hawezi kusikia hodi akiwa anakula, akanyamaza. "Karibu," akasema hata kabla hajageuka. "Karibu chakula."

Hakuingia mtu. Kiti walichokalia kililia, kikabonyea upande wa Lukasi, na ikapita harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Umemkaribisha nani?" Lukasi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Nimesikia hodi."

"Na mie nimesikia. Ndiyo maana nimenyamaza."

Kila baada ya masika Bwana Misitu aliwapandisha vibarua kama hao wawili milimani, juu ya Morogoro, kufyeka njia, kuezeka banda upya na kukaza viti, ili Wadachi wakija na wake zao wakae hapo waitazame nchi iliyo chini. Mdachi naye ana mambo: anapanda mlima kwa jasho akatafute pa kupumzikia, na alikotoka alikuwa amekaa. Zamani msitu ule ulikuwa wa tambiko, na wazee hawakukata hata ufito bila kuomba. Mdachi alipouwekea mawe ya mpaka, wenye tambiko wakakatazwa kuingia, na mti mkubwa uliokuwa pale ukapasuliwa mbao za viti. Aliyekuwa akikaa kwenye mti huo hakuulizwa na mtu atahamia wapi.

Tangu siku ile ugali ukamkataa Lukasi. "Nakula, Abasi," alisema, "lakini kuna anayenitangulia." Alikuwa Mkristo wa misheni, na rozari haikumtoka shingoni. Haikumfaa kitu. Kila walipokaa kula, kiti kililia ubavuni pake na harufu ile ikaja, naye akazidi kukonda, mpaka kaptula yake ikawa haikai bila kamba. Askari aliyewasimamia akasema ni uvivu, akamtia viboko. Asubuhi moja kambini hakuamka. Waliombeba kumshusha misheni walisema hakuwa na uzito wa mtu mzima, na kinywa chake kilinuka majivu.

Abasi aliogopa, tena hakuogopea roho yake peke yake. Mkewe, Mwaisha, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Chausiku, baada ya kuzika wawili, na arobaini bado. Abasi hakuwa amemwona mwanawe. Wenzake wa bondeni waliposhuka makwao jioni, yeye alibaki kambini akisingizia kazi, kwa kuwa alijua akishuka mgeni atamfuata. Na mgeni hakukosa: giza lilipoanza kuingia, nyasi za ng'ambo ya moto zililala zenyewe, moto ukafifia bila upepo, harufu ikatanda, na Abasi akaumega ugali wake na kuutia kinywani na kuutafuna na kuumeza bila kuonja hata chumvi, akijua kwamba zamu ya Lukasi imekwisha na hii sasa ni yake.

Akamtumia salamu Bi Shamsia, mganga wa bondeni. Bibi akaja hadi kwenye jiwe la mpaka wa msitu, hakulivuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simama hapo hapo." Akanusa upepo, akatikisa kichwa. "Huyu hafukuziki. Jini aliyevamia hufukuzwa, lakini huyu alibisha hodi na wewe ukamkaribisha kwa kinywa chako. Mgeni huagwa."

"Nitamwagaje?"

"Si tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Basi mpe. Jembe jipya, mpini usiojua jasho. Mwambie alime njia mpaka kwao. Utasema 'kwenu', umesikia, mwanangu? 'Lima njia mpaka kwenu.' Usiseme vingine."

Njia nzima Abasi alilikariri neno hilo. Jioni aliweka jembe jipya juu ya kiti, akarudi nyuma. Ukungu uliingia bandani kutoka pande zote, kiti kikalia, kikalia tena karibu naye, harufu ya majivu ikamjaa puani na kooni mpaka machozi yakamtoka, na kitu kisichoonekana kikapumua mbele ya uso wake, polepole, kikimsubiri aseme.

"Mgeni," alisema, "jembe lako hilo. Lima njia mpaka..."

Neno likampotea. Alilitafuta asilione, na ulimi ukaokota lile alilolala nalo na kuamka nalo tangu mtoto azaliwe.

"...mpaka nyumbani."

Jembe likainuka. Akalisikia likilima gizani, likienda mbali, mbali zaidi, hata sauti ikapotea. Alionja ugali uliobaki, akakuta una chumvi. Akalia kwa furaha, akala mpaka sufuria ikabaki tupu, akalala.

Kulipokucha aliiona njia. Haikupanda msituni. Ilishuka. Ilikuwa safi, kingo zimenyooka, visiki vimeng'olewa, na magugu yamelundikwa mkono wa kushoto, vile vile anavyolundika yeye. Aliifuata akipita jiwe la mpaka, akipita migomba ya misheni, na bado akijidanganya, hadi alipoona imekata katikati ya shamba lake la mahindi. Hapo akakimbia.

Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani kwake, mpini umelowa. Mlango ulikuwa umefungwa, na mbele yake hapakuwa na mtu.

"Hodi," sauti ikasema pale mlangoni.

Ilikuwa sauti ya Abasi. Alifumbua kinywa amkataze mkewe asiitikie, na hakikutoka kitu ila ladha ya majivu. Ndani mtoto alilia kidogo, akabembelezwa. Komeo likavutwa.

"Karibu, baba Chausiku," Mwaisha akasema, na furaha ilisikika sautini mwake. "Mbona leo unapiga hodi kwako?"